Mstari Alioupiga kwa Rula

Nimeanza kuandika haya leo Jumamosi, saa kumi na dakika kumi jioni, mara tu niliporudi kutoka sokoni Garsen. Vitunguu nilivyotumwa bado viko mfukoni, na Nyanya ameshaniita mara mbili. Nimekutana na Afisa. Jumatatu anakabidhi ofisi na kustaafu, na faili langu ndilo la mwisho kwenye meza yake ambalo halijafungwa. Kesho saa moja asubuhi anakuja hapa kwetu Idsowe kunywa chai. Atakaa mkekani na Nyanya upande mmoja, Shangazi upande mwingine, ataniuliza nataka kukaa na nani, na safari hii lazima nijibu kwa mdomo.

Mimi si mtu wa kujibu kwa mdomo. Niko Form Three, na mwalimu akiuliza swali ninalolijua, najibu moyoni kisha namwombea aliyeinua mkono apatie. Kwa hiyo naandika. Labda nikiandika habari za Afisa nitapata ujasiri kidogo, maana yeye haogopi kitu isipokuwa vyura.

Nieleze kwanza shida yenyewe. Mama alikuwa Mpokomo, mtu wa shamba na kanisa. Baba ni Muorma, mtu wa ng'ombe na msikiti. Mama alifariki nikiwa darasa la pili, na Baba yuko na mifugo, tunamwona pale mvua inapomruhusu. Nimelelewa na Nyanya, mzaa mama. Halafu mafuriko ya mwaka juzi yakabeba kuta za nyumba ya Nyanya, tukahamia kwenye mahema kando ya barabara. Hapo ndipo Shangazi, dada yake Baba, ambaye ana nyumba ya mawe Garsen mjini, akasema nihamie kwake. Nyanya akamjibu kwamba mtoto si kuku wa kuhamishwa kila maji yakipanda.

Wote wawili wananipenda, na hapo ndipo ugumu ulipo. Tena kila mmoja anaamini kwamba nyumba nitakayoichagua ndiyo sala nitakayokuwa nimeichagua. Baba alipopigiwa simu alisema, "Popote atakaposema mwenyewe." Basi wote wakanigeukia, nami nikatazama vidole vyangu vya miguu. Nimevitazama kwa miaka miwili sasa. Nyumba ya Nyanya imeshajengwa upya, kwa udongo na mabati, na mimi bado navitazama.

Afisa ana jina lake, lakini hapa hakuna anayelitumia. Ukisema "Afisa" Garsen nzima inajua si wa polisi wala wa kilimo. Ni yule mama wa ustawi wa jamii, mnene wa wastani, mwenye mwavuli wa kijani uliovunjika ubavu mmoja, na faili zake kazifunga ndani ya mifuko ya mkate. Mvua ikinyesha, mwavuli unazikinga faili, yeye analowa. Nilimwona siku moja akivuka tope la Idsowe hivyo. Mwenye boda akamwambia, "Afisa, si ujikinge na wewe." Akajibu, "Mimi nikilowa nakauka. Hawa humu ndani wakilowa, nani atawakausha?"

Mara ya kwanza alipokuja kwetu tulikuwa tungali kwenye mahema. Walikuwa wameshapita watu wengi wenye makoti ya mikono mifupi na vitambulisho shingoni. Walituuliza tuko wangapi, tumepoteza blanketi ngapi, choo kiko wapi. Nyanya aliwajibu neno mojamoja kama mtu anayetoa mbegu za akiba. Afisa alipofika alivua viatu mlangoni. Nasema mlangoni, lakini lilikuwa hema, na tope la ndani na la nje lilikuwa moja. Akavua tu. Akaketi, akaweka faili magotini, halikufunguliwa. Akauliza, "Mama, nyumba hii inaomba vipi?"

Nyanya alimtazama kama aliyeulizwa bei ya mwezi. "Nyumba gani? Huoni ni turubai?"

"Naona turubai. Nauliza nyumba."

Nyanya akafikiri. "Sisi huomba kwa kuimba."

"Basi imbeni. Nangoja."

Nyanya ana sauti ya bata, namwambia hata yeye mwenyewe. Lakini aliimba, na mimi nikamfuata sauti ya pili, na hema la jirani wakadakia, na la tatu. Afisa hakuimba. Alifumba macho na kushika kalamu. Tulipomaliza ndipo akafungua faili, na Nyanya akamwambia kila kitu, mpaka mahali alipoficha mbegu za mpunga, ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sipajui.

Ukimuuliza Afisa swali lile alilitoa wapi, atakueleza kosa lake bila haya, tena mbele ya watu. Zamani alitumwa Kinakomba kumfariji mzee aliyefiwa na mke. Alimkuta mzee amekaa, hasemi, na shingoni ana msalaba. Afisa akafurahi kwamba ameijua dawa. Akapanda boda, akaenda kumtafuta mchungaji mbali huko, akamleta. Mchungaji akaomba kwa kirefu. Mzee aliinamisha kichwa muda wote, na palipohitaji amina akaitikia amina. Mwishoni akasema, "Asanteni sana, Mungu awalipe. Sasa, shehe naye anafika saa ngapi?"

Ule msalaba mzee aliuokota ukingoni mwa mto, akaufungia ufunguo wa sanduku lake usipotee.

"Alitustahi kuliko sisi tulivyomstahi," Afisa husema akifika hapo, na hucheka mpaka anajifuta machozi kwa ncha ya leso. "Tangu siku hiyo, mstari wa kusali siujazi kwa macho yangu. Unajazwa na mdomo wa mwenyewe."

Mstari huo haumo kwenye fomu za ofisi. Ameupiga yeye, kwa rula na kalamu ya bluu, chini kabisa ya kila fomu, na juu yake ameandika: *Nyumba hii inasimama juu ya nini?* Nilikuwa kwenye benchi la ofisi yake siku mkubwa wake alipokuja kutoka Hola kukagua. Kijana mtanashati, shati limepigwa pasi mpaka kwenye kola. Akafungua faili la kwanza, la pili, la tatu.

"Mama, huu mstari umetoka wapi? Haumo kwenye fomu."

"Mafuriko nayo hayakuwamo kwenye fomu, yakaja."

"Lakini sisi si watu wa dini. Kazi yetu ni huduma."

"Ni kweli, mwanangu. Mimi si mchungaji wala si ustadhi. Mimi ni mtu wa fomu. Lakini kabla sijamuuliza mtu amekosa nini, nataka kujua amebaki na nini."

Kijana akageuza karatasi. Halafu akasema, "Angalau ungeuchapisha, si kuuchora kila siku."

"Printa yenyewe mmeniletea lini?"

Mkubwa akacheka, na mimi nikacheka kwa bahati mbaya, wakageuka wote kuniangalia. Nikatamani benchi linimeze.

Msidhani basi kwamba Afisa ni mtu wa kukesha kwa maombi. Jumapili hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na mahubiri yakifika dakika ya tano kichwa kinaanza kuitikia chenyewe. Nyanya alimwambia siku moja, "Afisa, ulilala kanisani."

"Sikulala. Nilikubaliana na mhubiri macho yakiwa yamefumba."

"Na ule mkoromo?"

"Huo ulikuwa amina."

Ramadhani ikianza, hufunga siku ya kwanza. Husema si vizuri kuingia nyumba za waliofunga huku umeshiba, wanakusikia. Mwaka jana nilipita nyuma ya ofisi saa tisa mchana, siku hiyohiyo ya kwanza, nikamkuta ameinamia sahani ya viazi karai, ukwaju unamtiririka mpaka kwenye kifundo cha mkono. Tulitazamana. Akameza polepole. Akasema, "Faili lako ni siri yangu. Kiazi changu ni siri yako. Tunaelewana?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Sasa nimeandika, lakini kuandika si kusema.

Huwaambia watu wawe na subira, naye foleni ya benki humshinda, hutoka na kurudi mara tatu kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Huvua viatu kila mlango, na siku moja kule kwa wafugaji mbuzi akabeba kimoja, kikapatikana kimetafunwa kisigino. Akarudi mjini na kiatu kimoja, anachechemea katikati ya barabara, watu wanamuuliza, naye anawajibu kwamba Mungu amechukua kiatu lakini amemwachia mguu, hesabu bado ni nzuri. Keshoye akavua tena.

Na dua hakuziachia zifanye kazi zisizo zake. Wakati wa mahema, mtoto wa mama mmoja alishikwa na homa kali. Kina mama watatu wa maombi walikuwa wamemzunguka tangu asubuhi, wanaimba na kumwekea mikono. Afisa akavua viatu, akaingia, akasikiliza ubeti mmoja mzima. Kisha akasema, "Wimbo ni mzuri. Tutaumalizia njiani."

Kiongozi wao akakataa. "Afisa, hatujafika mwisho wa maombi."

"Nani amesema mwisho? Ombi halishindwi kupanda pikipiki."

Akaita boda mbili. Ya kwanza ikambeba mtoto na mama yake, ya pili akapanda yule kiongozi, na Afisa akamwambia dereva aende taratibu ili mtu asikose pumzi ya kuimba. Wanasema waliingia hospitali wanaimba, mpaka nesi akauliza kama ni harusi. Mtoto alilazwa siku nne. Sasa anakimbia, na ni mtukutu kweli, jana amevunja mtungi wetu. Yule kiongozi husimulia kwamba ni maombi. Daktari alisema ni dripu. Afisa akiulizwa husema, "Mimi niliita boda tu."

Kuna siku moja tu nilipoona swali lake linamrudia. Hema lililopakana na letu lilikuwa la baba mmoja ambaye maji yalimchukulia mwanawe. Turubai haifichi maneno, tulisikia yote. Afisa aliuliza kama kawaida yake, nyumba hii inaomba vipi. Yule baba akasema, "Hatuombi tena."

Nilidhani Afisa atamwambia asikate tamaa, maana ndivyo walivyokuwa wakimwambia wote. Nyanya naye alishusha kijiko asikose kusikia. Baada ya muda tukasikia sauti ya punje zikianguka kwenye beseni. Mle ndani kulikuwa na gunia la mahindi ya msaada, nao wawili walikaa wakayapukuchua mpaka jua likainama. Sikusikia neno lingine. Afisa alipotoka mikono yake ilikuwa myekundu. Yule baba mwenyewe ndiye aliyetusimulia baadaye kwamba aliomba kuona kilichoandikwa kwenye ule mstari, akaonyeshwa: *Hawaombi. Tumepukuchua mahindi.*

"Hakuongeza kitu," yule baba alisema. "Wengine wote waliongeza."

Sasa nije kwangu. Afisa alijaribu kuniuliza mara ya kwanza pale kwenye mahema, mara ya pili ofisini, mara ya tatu kwa Shangazi, mbele ya sahani ya wali na samli. Mara zote tatu nilinyamaza. Shangazi alisema, "Mtoto ana haya, nitamsemea mimi." Nyanya naye, siku nyingine, alisema hivyohivyo, kama waliokubaliana. Afisa akawajibu kila mmoja kwa wakati wake, "Mstari huu hausemewi." Mara ya tatu akaniletea daftari la kurasa mia mbili, hili hili. "Kama mdomo umejifunga, kalamu haijajifunga," akasema.

Nilijaza kurasa kumi na moja na kumpelekea. Aliliweka mezani, akalirudisha kwangu bila kulifungua.

"Husomi?" Nadhani hilo ndilo lilikuwa neno la kwanza kumwambia bila kuulizwa.

"Sikukupa ili nisome. Nilikupa ili ujisikie. Umejisikia?"

"Bado."

"Endelea basi. Mimi nipo."

Na leo nimejua kwamba hatakuwepo.

Nilimkuta kwa wauza samaki, anabishana juu ya kambare mkavu. Muuzaji anamwambia, "Afisa, huyu ni wa leo," naye anamwambia, "Wa leo amekaukaje? Alizaliwa amebanikwa?" Aliponiona akamwacha kambare. Tukasogea kwenye kivuli cha kibanda cha nafaka. Alikuwa amevaa viatu vipya, na niliona vinambana.

"Jumatatu nakabidhi," akasema. "Anakuja mtu mpya, kijana, mzuri. Lakini hakujui. Akikuta mstari mtupu atauliza wakubwa wako, na wao watamjazia."

Nikatazama vidole vyangu.

"Hivyo vidole nimevizoea. Niangalie mimi. Unaogopa nini hasa?"

Nikasema polepole, "Nikisema jina la mmoja, mwingine atakuwa amepoteza."

"Atakuwa amepoteza nini?"

"Mimi. Na ile sala."

Akafikiri, huku akichezea ule ubavu uliovunjika wa mwavuli. "Nimekuuliza utalala wapi siku za shule. Sala ni swali jingine, na nalo ni lako, hata kama litakuchukua mpaka uwe na mvi. Nani alikuambia yafungwe pamoja kama kuni?"

Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa nimeyafunga mwenyewe, au tuliyafunga sote watatu bila kujua.

"Na wewe, Afisa," nikathubutu, "unaomba vipi?"

"Nikitembea. Nikikaa nalala." Akafungua mwavuli, akanifunika nao mpaka barabarani ingawa hakukuwa na mvua. "Kesho saa moja. Nimeshamwambia Shangazi yako. Mwambie Nyanya asiweke sukari nyingi."

Kwa hiyo nimekaa hapa najisikiliza. Nyumba ya Shangazi naipenda. Alfajiri huniamsha kwa kunigusa bega, na nikisimama nyuma yake kwenye mkeka wake wa kuswali, sauti yake ya chini hunituliza. Husuka nywele zangu bila kuniumiza, na chai yake ni maziwa matupu. Kanisani kwa Nyanya napenda sauti ya pili, pale ambapo hakuna anayekusikia peke yako lakini ukiacha wanasikia umeacha. Sijui nitayafanyaje hayo mawili.

Lakini kwa Shangazi sijawahi kutumwa. Nikinyanyua ufagio, ananipokonya. Kwa Shangazi mimi ni mgeni anayependwa. Hapa kwa Nyanya mimi ni mtu wa kutumwa vitunguu, na ameshaniita mara ya tatu, na sauti imebadilika. Naenda.

*Jumapili, baada ya chai.*

Alifika saa moja kasoro. Shangazi alifika naye, wamepanda boda moja, wanacheka jambo ambalo hawakutuambia. Afisa akavua vile viatu vipya kwa furaha kubwa. Akaketi mkekani, faili magotini, limefungwa.

"Nyumba hii inaomba vipi?"

Nyanya akaimba ubeti mmoja. Shangazi akainua viganja, akasoma kwa sauti ya chini, akapangusa uso. Nje jogoo wa jirani hakuheshimu yeyote. Kisha wote wakanigeukia. Vidole vyangu vilikuwepo palepale vinaningoja. Nikamtazama Afisa.

"Nataka kukaa na Nyanya mpaka nimalize Form Four," nikasema. "Likizo nitakuwa kwa Shangazi. Lakini Shangazi, unitume. Nikija niteke maji, nioshe vyombo. Usininyang'anye ufagio."

Shangazi alifunika mdomo kwa ncha ya buibui. Nilidhani analia, na labda alilia kidogo, lakini alichosema ni, "Wallahi, nitakutuma mpaka ujute."

"Na mimi nilijua tangu zamani," Nyanya akasema, kwa sauti iliyokuwa na maji ndani yake. "Nilikuwa nangoja useme tu."

"Ulijua wapi?" Shangazi akamwambia. "Jana usiku si wewe uliyenipigia simu kuniuliza mtoto atasema nini?"

Afisa akafungua faili. Akaandika sehemu ya makazi, mistari miwili. Kisha kalamu ikashuka chini kabisa, kwenye ule mstari wa bluu, ikasimama.

"Na hapa?"

Nyanya alikuwa ananitazama, Shangazi alikuwa anatazama mkeka.

"Hapo bado," nikasema. "Msinijazie. Andika tu kwamba nimeulizwa."

Akaandika, herufi kwa herufi: *Ameulizwa.* Akalifunga faili, akalirudisha kwenye mfuko wake wa mkate, akaomba chai. Ilikuwa na sukari nyingi. Akanywa vikombe viwili.

Walipokuwa wanaagana kwa maneno yale marefu ya mlangoni, nikatangulia nje. Nikavichukua viatu vya Afisa, nikavipanga vikielekea barabarani, nikalegeza kamba zake kidogo visimbane. Vya Shangazi nikaviweka kando ya vya Afisa, navyo vikielekea barabarani. Vya Nyanya vilikuwa vimetupwa huku na huku, kama kawaida yake. Nikaviokota, nikavipangusa tope, nikavirudisha ndani, karibu na vyangu.